Mbolea ya mfuko ao mavi ya kuku: ni gani inajaza ghala?

Mwezi wa 10 ukifika, mazungumzo ya kambini yanabadilika. Watu wanaacha kidogo habari za mupira, wanaanza kuongea shamba. Mvua iko njiani, majembe yananolewa, na kila nyumba inajiuliza: mwaka huu tutatia nini ndani ya shimo la mahindi? Upande mmoja kuna wale wanaosema bila mbolea ya mfuko, ile tunaita angre, hauvuni kitu. Upande mwingine kuna ba mama wanaosema angre inaua udongo, heri mavi ya kuku na majani yenye kuoza. Kila upande una kweli yake. Lakini ubishi huu unaendelea miaka na miaka kwa sababu hatuchukui karatasi na kalamu tupige hesabu.

Na hesabu hiyo inagusa sufuria. Sehemu kubwa ya unga tunayopika bukari huku Lubumbashi, Likasi na Kolwezi inatoka Zambia. Mwaka 2024 ukame ulipiga Zambia mpaka serikali yao ikatangaza hali ya hatari, na huku kwetu tukaona bei ya meka inavyopanda. Mwaka 2022, vita ya Ukraine ilipoanza, bei ya mbolea nayo ilipanda dunia nzima. Basi mfanyakazi wa mgodi ananunua unga kwa bei ya mpaka, kisha ananunua na mbolea kwa bei ya mpaka, na vyote viwili vinatoka ndani ya mshahara mmoja. Wazee wanakumbuka wakati kampuni ilikuwa inatoa unga kila mwezi. Wakati huo ulikwisha. Mwaka 2003 na 2004, wakati wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa mpango wa départs volontaires, wengi wao walishika jembe. Tangu pale shamba ni mshahara wa pili wa nyumba nyingi.

Udongo wetu uko namna gani

Kabla ya kuchagua mbolea, tujue inaingia wapi. Udongo wa Katanga mwingi ni mwekundu, wa zamani sana, wenye kuoshwa na mvua. Kila mwaka tunapata karibu milimita 1,200 za mvua, karibu zote kati ya mwezi wa 11 na mwezi wa 4. Maji hayo yanashuka na chakula cha mimea, na yanaacha udongo wenye asidi. Asidi ikizidi, alumini iliyo ndani ya udongo inafunguka na inachoma mizizi. Muhindi unakuwa na mizizi mifupi, na siku 10 tu bila mvua zinatosha kuukausha. Tena chuma chenye kufanya udongo uwe mwekundu kinashika fosfori, mmea unaikosa ingawa iko palepale chini yake.

Kwa hiyo mtu anayelima udongo mweusi wa kando ya mto na mtu anayelima udongo mwekundu wa kilima wasibishane. Hawana shamba moja.

Mfuko unaleta nini

Tushike shamba la nusu hekta. Kipimo kinachojulikana sana kwa jirani zetu wa Zambia ni mifuko 4 ya NPK na mifuko 4 ya urea kwa hekta moja, kila mfuko kilo 50. Kwa nusu hekta, ni mifuko 2 na mifuko 2.

Namba zilizoandikwa kwenye mfuko si mapambo. NPK 10-20-10 maana yake kwa kila kilo 100 kuna kilo 10 za azoti, 20 za fosfori na 10 za potasi, kwa namna viwanda vinavyohesabu. Urea ni azoti peke yake, kilo 46 kwa 100. Basi mifuko yetu 4 inaleta kilo 10 za azoti kutoka NPK na kilo 46 kutoka urea. Jumla 56. Kila toni ya mahindi unayotoa shambani inaondoka na karibu kilo 15 za azoti ndani ya mbegu zake. Unaona mwenyewe: usiporudisha kitu, udongo unakula akiba yake mpaka inakwisha.

Uzuri wa mfuko ni kwamba chakula kiko tayari. Muhindi wa njano unageuka kijani ndani ya siku chache, na mtu mmoja anaweza kubeba chakula cha shamba zima kwa kinga. Ubaya wake ni huu: mfuko hauleti hata chembe ya majani ya kuoza. Urea na NPK zikitiwa mwaka kwa mwaka bila kitu kingine, zinaongeza asidi. Mvua kubwa ikipiga juma lile umetia urea, sehemu inashuka nayo. Ukiiacha juu ya udongo wakati wa jua, sehemu inaruka hewani. Ile harufu kali unayosikia ni franga zako zinakwenda.

Mavi ya kuku inaleta nini

Sasa upande wa ba mama. Mavi ya kuku yaliyokauka yanaleta karibu kilo 2 mpaka 3 za azoti kwa kila kilo 100. Ili kupata zile kilo 56, unahitaji zaidi ya toni 2. Mavi mabichi ya ng'ombe ni dhaifu zaidi, karibu nusu kilo kwa 100, kwa hiyo utatafuta kama toni 11. Tena azoti yote haitoki mwaka wa kwanza. Sehemu inabaki ndani ya udongo, inatoka polepole miaka inayofuata.

Nyumba yenye kuku 20 inapata karibu kilo 2 za mavi kwa siku, ni kusema kilo 700 kwa mwaka, na sehemu kubwa ni maji. Haifiki. Ndiyo maana mtu anayeacha angre ghafula na kutia konzi chache za mavi anavuna kidogo mwaka ule, kisha anasema mbolea ya kuoza ni uongo. Si uongo, ni kwamba kipimo kilikuwa kidogo.

Lakini mbolea ya kuoza inafanya kazi ambayo mfuko hauwezi. Inashika maji. Inafanya udongo uwe mwororo, mizizi inashuka. Inapunguza ukali wa alumini, na inazuia chuma kisishike fosfori yote. Watafiti wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamejaribu mboji ya mavi ya kuku juu ya udongo wetu huu wenye asidi, na wamejaribu pia kuchanganya taka za kuoza pamoja na mbolea ya mfuko kwenye mahindi. Swali wanalofuata ni lilelile la kwetu.

Wanaopima tangu 1843

Kuna fasi moja duniani ambapo ubishi huu umepimwa kuliko fasi zote. Ni Rothamsted, nchini Uingereza. Mwaka 1843 walipanda ngano katika shamba moja wakaligawanya vipande: kimoja bila kitu, kimoja na mavi ya ng'ombe, vingine na mbolea ya viwanda. Mpaka leo wanaendelea, kila mwaka, na wanapima.

Wameona nini? Kipande cha mavi na kipande cha mbolea kamili ya viwanda vilikwenda karibu sawa kwa mavuno miaka mingi sana. Lakini kile cha mavi kinapata toni 35 kwa hekta kila mwaka, mzigo ambao sisi hatuna. Na udongo wake umekuwa tajiri zaidi kwa vitu vya kuoza kuliko ule wa viwanda. Halafu, walipoanza kupanda ngano za kisasa zenye kuzaa sana, mavuno makubwa zaidi yalitoka mara nyingi pale ambapo mavi yaliongezewa azoti ya kiwanda. Ni kusema vile viwili pamoja.

Ngano ya Uingereza si mahindi ya Kipushi, na baridi yao si jua letu. Lakini udongo wetu unaosahau haraka ndio wenye lazima zaidi ya vyote viwili.

Nusu kwa nusu, shimo kwa shimo

Hivi ndivyo mimi ninavyoshauri wenzangu wa sendika, kwa nusu hekta. Panda kwa mistari ya sentimita 75, shimo kwa shimo sentimita 50, mbegu 2. Utapata mashimo karibu 13,300. Tia konzi moja ya mavi ya kuku yaliyooza vizuri kwa kila shimo, tuseme gramu 100. Inafanya kilo 1,330, ao mifuko 26 na kitu. Hiyo inawezekana, kwa sababu wafugaji wa kuku wa pembeni ya mji wanatafuta pa kuitupa. Nenda mapema, mwezi wa 7 ao wa 8, iache ioze chini ya majani. Mavi mabichi yanachoma mbegu.

Juu ya hiyo, mfuko 1 wa NPK na mfuko 1 wa urea, si 2 na 2. NPK itakuwa gramu 4 kasoro kwa shimo: kifuniko cha chupa ya Simba, kisichojaa. Funika na udongo kidogo kabla ya kuweka mbegu. Urea ingoje mpaka muhindi ufike magotini, wiki ya 4 ao ya 5, udongo ukiwa na maji, na uifunike.

Hesabu: mavi yanaleta kilo 33 za azoti, na tukisema nusu inatoka mwaka wa kwanza, ni 16. Mifuko 2 inaleta 28. Jumla 44. Ni chini ya 56, siwafichi. Lakini umebakiza bei ya mifuko 2 mfukoni, mizizi inafika mbali, na mwaka ujao udongo una kitu cha kuanzia.

Mambo mawili tena. Usichome mabua. Yalale yaoze, ama uyatie ndani ya mboji pamoja na yale majani yenye ua kubwa la njano kama alizeti, ambalo linaota kando ya barabara, wanaliita Tithonia. Majani yake mabichi yana azoti na potasi nyingi, na ni ya bure. La pili ni chokaa. Bila kupunguza asidi, mbolea yote mbili inafanya kazi nusu. Mawe ya chokaa tunayo hapa hapa, kule Kakontwe karibu na Likasi.

Shamba la karibu na kiwanda

Sisi watu wa migodi tuna swali lingine ambalo walimu wa kilimo wa nchi zingine hawalijui. Udongo wa karibu na kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Lubumbashi, kilichoanza mwaka 1911, umepokea vumbi la shaba, kobalti, risasi na kadimiamu kwa miaka mingi. Mwaka 2009 watafiti wa hapa na wa Ubelgiji walionyesha kwamba watu wa Katanga wanaokaa karibu na migodi na viwanda wana kobalti nyingi sana mwilini.

Mboji na chokaa zinafunga sehemu ya metali hizo ili mmea usizivute sana. Zinasaidia, hazisafishi. Fasi kama hiyo, usipande lenga-lenga wala matembele, kwa sababu majani yanabeba metali na vumbi kuliko mbegu ya mahindi. Usichukue udongo ama majivu ya kiwanda kutia ndani ya mboji. Na mifuko na mapipa yaliyobeba dawa za kiwandani yasiingie shambani kabisa, hata yakioshwa mara 3.

Kazi ya sendika

Ba delege wenzangu, tusiache jambo hili kwa kila mtu peke yake. Mahali pengi mkopo wa mbolea unakatwa kwenye mshahara, lakini mifuko inafika mwezi wa 1, wakati muhindi umekwisha kuwa wa njano. NPK inayofika nyuma ya kupanda ni deni tu. Tuombe mambo manne: mkopo utoke mwezi wa 9, kila mtu achague nusu mfuko na nusu chokaa akitaka, mifuko ipimwe kwa kilo mbele ya wafanyakazi, mshono ukiwa haujafunguliwa, na udongo wa mashamba ya kambi upelekwe kupimwa, asidi na metali, kwa Faculté ya Agronomie.

Na wewe nyumbani, usimwamini mwenye sauti kubwa, hata mimi. Mwaka huu tenga vipande 3 vya mita 10 kwa mita 10 ndani ya shamba lako: kimoja angre tu, kimoja mavi tu, kimoja vyote viwili. Mwezi wa 4, kausha mahindi, pukusua, pima kila kipande peke yake. Kilo utakazopata, zidisha mara 100: hiyo ni hekta yako. Andika kwenye daftari pamoja na bei ya kila kitu ulichotia. Mwezi wa 10 ukirudi, kuja na daftari hiyo kwenye mkutano.