Dawa ya Lehemu Haina Siku Tatu

Hapa Mloka, Rufiji, mtu akipata malaria anapewa mseto, anameza siku tatu, homa inashuka, anarudi shamba. Tumekua hivyo: dawa ina mwanzo na ina mwisho. Ndiyo maana, hata sasa nikiwa muuguzi mstaafu, swali ninaloulizwa zaidi kuhusu dawa za lehemu, yale mafuta ya kwenye damu ambayo vijana wanayaita kolestro, ni hili: "Nesi, dozi nimemaliza, mbona wananiandikia tena?"

Jirani yangu mmoja, mvuvi, alipata kiharusi, mkono wa kushoto ukalegea. Dar es Salaam wakampa atorvastatin pamoja na dawa ya presha. Mkono ulipopata nguvu na vidonge kwisha, akaacha. Nilipomuuliza alinijibu, "Dada, siumwi popote, nauli ya mpaka Mbagala, huko Dar, nimpe nani?" Simlaumu. Lehemu haiumi. Haileti homa wala kikohozi. Inajijenga kwenye kuta za mishipa mwaka hadi mwaka, mpaka siku damu igande hapo na kuziba njia ya kwenda moyoni au kwenye ubongo.

Sehemu kubwa ya lehemu iliyo mwilini hatukuila, miili yetu imeitengeneza yenyewe, ini likiwa mtengenezaji mkubwa. Atorvastatin, simvastatin na rosuvastatin ni dawa za kundi moja, statini. Zinakizuia kimeng'enya ambacho ini hukitumia kutengeneza lehemu. Ini likipungukiwa, linafungua milango zaidi na kuivuta kutoka kwenye damu ile lehemu mbaya, LDL. Kidonge kinafanya kazi hiyo kwa muda unaokimeza tu. Ukiacha, ini linarudia uzalishaji wake wa zamani, na baada ya wiki chache damu inakuwa kama ilivyokuwa.

Sisi wa Rufiji tunaolima mpunga tungependa kujua dawa hii ilianzia wapi. Mjapani Akira Endo, mtoto wa mkulima, alianza mwaka 1971 kuchunguza maelfu ya aina za ukungu, akitafuta utakaozuia lehemu kutengenezwa. Mwaka 1973 akaupata kwenye sampuli ya mchele kutoka duka la nafaka mjini Kyoto. Statini ya kwanza kuruhusiwa kuuzwa Marekani, lovastatin, ilitoka kwenye ukungu wa aina nyingine, mwaka 1987. Utafiti wa nchi za Skandinavia uliotangazwa 1994, wenye wagonjwa wa moyo 4,444, ulionyesha kwamba vifo vilipungua kwa takriban asilimia 30 miongoni mwa waliomeza simvastatin. Endo alifariki Juni 2024. Sisi wauguzi tunamshukuru sana.

Wapo ambao LDL yao haishuki hadi kiwango kinachotakiwa kwa statini peke yake. Hao huongezewa ezetimibe, inayozuia lehemu kufyonzwa kwenye utumbo. Zipo pia sindano mpya, lakini bei yake bado ni ya watu wachache.

Watu huniuliza kuhusu tui la nazi. Nazi yenyewe haina lehemu, ila mafuta yake hupandisha LDL, kwa hiyo wali wa nazi wa kila siku upungue. Lakini asidanganywe mtu aliyekwisha kupata kiharusi kwamba chakula peke yake kitatosha.

Balungi pia lina neno. Maji yake huongeza simvastatin kwenye damu, na atorvastatin kwa kiasi, hata dawa ikazidi. Wanaotumia dawa za kufubaza VVU zenye ritonavir wasipewe simvastatin kabisa. Mwambie daktari kila unachomeza, hata kama ni siri yako. Mjamzito, au anayetarajia mimba, aulize kwanza, maana kwa kawaida huachishwa statini. Maumivu ya misuli yanatajwa sana, na mara nyingi chanzo chake si kidonge. Ila misuli ikiuma vikali na mkojo ukawa wa kahawia, usingoje kesho, nenda hospitali.

Kinachonikera ni umbali. Kipimo cha lehemu hakipo kila zahanati. Watu wetu wanakwenda Utete, Kibiti au Dar, na masika barabara inakuwa tope. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliwakatia njia wengi katika Rufiji na Kibiti. Kwa hiyo omba uandikiwe dawa ya miezi kadhaa kabla mvua hazijaanza. Mwenye mtoto Mbagala amwagize kwa jina la dawa na miligramu zake, kama zilivyo kwenye cheti, si "vile vidonge vyeupe."

Na wewe mwenye kisukari uliyevuka miaka 40, au uliyewahi kupata kiharusi au shambulio la moyo, ukienda kliniki uliza kama unastahili statini. Ukishaanza, usiache kabla hujaongea na aliyekuandikia.