Maziwa ya jibini yako karibu, lakini yaulize kwanza



Jibini ya supamaketi si bei ya mchezo. Kipande kisichojaza kiganja kinakula pesa ambazo zingenunua unga wa chapati wa siku kadhaa. Ndiyo maana akina mama wengi mitaani, na vijana pia, wameingiwa na hamu ya kutengeneza jibini wenyewe nyumbani. Wanatazama video kwenye simu, wananunua kitambaa cha melimeli, wanaazima kipimajoto, kisha wanakwama kwenye swali la kwanza kabisa: maziwa mabichi nitayapata wapi?

Nimeulizwa swali hili mara nyingi hata nimeona nilijibu hapa mara moja. Nitaeleza mahali pa kuyatafuta, mambo ya kumuuliza anayekuuzia, na namna ya kuyatia motoni. Hilo la tatu halina mjadala, na nitaeleza kwa nini.

Kwa nini maziwa ya pakiti hukataa

Maziwa ya pakiti yale yanayokaa rafuni miezi bila friji yamepitishwa kwenye moto mkali, zaidi ya nyuzi 135, kwa sekunde chache tu. Moto huo huua vijidudu vyote, lakini pia hubadilisha protini ya maziwa. Ukiyatia kigandishi cha jibini, hayafanyi bonge la kukatika kwa kisu. Utabaki na uji.

Maziwa ya pakiti yanayouzwa yakiwa kwenye friji ni afadhali, maana yamepashwa moto wa chini. Lakini mengi yamesagwa mafuta yake ili malai yasielee juu, na bonge lake huwa laini. Maziwa yaliyotoka kwa ng'ombe leo, hayajachezewa, ndiyo yanayotoa jibini nzuri. Tena malai yake unayaona kwa macho.

Uyatafute wapi

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Aliye kisiwani Mombasa itambidi avuke. Kisauni, Bamburi, Mtwapa, Likoni na pande za Changamwe wapo watu wanaofuga ng'ombe wawili watatu wa gredi nyuma ya nyumba, wanawalisha ndani ya banda. Hawana bango. Waulize wauza majani ya ng'ombe, muulize daktari wa mifugo wa mtaa wako, au fuata bodaboda wa maziwa alfajiri uone anakotoka.

Ukitoka nje ya mji, maziwa yapo tele. Kwale kuna Kinango, Matuga na Shimba Hills. Kilifi kuna Mariakani, Kaloleni na Ganze. Tana River kuna Waorma na Wardei, watu ambao ng'ombe kwao ndiyo maisha yenyewe. Lamu kuna Witu na Mpeketoni, na Taita kuna milima ya Wundanyi yenye baridi wanayoipenda ng'ombe wa gredi.

Jua pia majira. Mvua za masika zikishika na majani yakaota, maziwa huwa mengi na bei hulegea. Kaskazi ikikauka, Januari hadi Machi, ng'ombe hupunguza na wauzaji wengine huanza kuongeza maji. Kama unataka kuanza kujifunza, anza baada ya mvua.

Na maziwa mengine? Ya mbuzi yanafaa, ingawa bonge lake ni laini zaidi. Ya ngamia, ambayo hapa Pwani tunaletewa na ndugu zetu Wasomali, ni matamu kwa chai, lakini kigandishi cha kawaida cha ndama hakiyashiki vizuri. Usipoteze pesa zako huko unapoanza.

Maswali manne kwa mwenye ng'ombe

Swali la kwanza: yamekamwa saa ngapi? Joto letu la Pwani halina huruma. Maziwa yasiyopozwa huanza kuharibika ndani ya saa chache. Nunua mkamo wa asubuhi, uwe nyumbani na maziwa yako mapema, na kama safari ni ndefu chukua ndoo yenye barafu.

Swali la pili: ng'ombe kazaa lini? Maziwa ya siku za mwanzo baada ya kuzaa, yaani dang'a, ni mazito na ya manjano. Ni haki ya ndama, na jibini yake haiwi. Ngoja ipite angalau juma moja.

Swali la tatu ndilo watu wengi husahau: ng'ombe ametibiwa karibuni? Dawa za viuavijasumu hutoka kwenye maziwa kwa siku kadhaa. Zinamdhuru mnywaji aliye na mzio, na zinaua zile bakteria njema zinazogandisha mtindi na jibini. Kila dawa ina siku zake za kungoja, zimeandikwa kwenye chupa. Nilimuuliza mzee mmoja huko Kinango: "Shikamoo mzee. Kuna aliyedungwa sindano hapa?" Akanijibu: "Marahaba mwanangu. Yule mweusi kadungwa juzi, maziwa yake simuuzii mtu. Yako yatatoka kwa hawa wawili." Mfugaji anayekujibu hivyo bila kuzungukazunguka, mshike. Anayekasirika kwa kuulizwa, muage kwa heshima.

Swali la nne: yamewekwa kwenye chombo gani? Ule mtungi wa plastiki wa manjano uliokuwa wa mafuta ya kupikia una shingo nyembamba, mkono hauingii kuusugua. Uchafu hukaa pembeni na kuchachusha maziwa mapya. Chombo kizuri ni mtungi wa alumini au chuma kisichoshika kutu, wenye mdomo mpana. Ukiweza, nunua wako, uoshe kwa maji ya moto, umwachie mfugaji akamie humo.

Vipimo vya jikoni

Ukifika nyumbani, usimimine kila kitu sufuriani mara moja. Chota kidogo uchemshe kando. Yakikatika na kufanya mabonge kabla hujatia kitu, yameanza kuchacha. Hayatakufaa kwa jibini ya kigandishi.

Kujua kama yametiwa maji, tumia kile kipimo cha kioo kinachoelea, laktomita, kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa vya mifugo. Maziwa ya ng'ombe yasiyoguswa husoma takriban 28 hadi 32 yakiwa na ubaridi wa nyuzi 20. Yakiwa ya moto husoma chini kidogo, kwa hivyo usimhukumu mtu kabla hayajapoa.

Kipimo cha tatu hakigharimu kitu. Chemsha kikombe kimoja, kiache kipoe mpaka kiwe vuguvugu, tia kijiko cha mtindi mzuri, funika mpaka kesho. Kikiganda, maziwa ni mazima. Kikikataa wakati mtindi uliotia ni mpya, shuku dawa ya ng'ombe, au kemikali waitiayo wauzaji wengine ili maziwa yasichache njiani. Fanya jaribio hili kabla ya kuagiza lita nyingi kwa mtu mpya.

Moto si hiari

Sasa tufike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Kuna wanaosema jibini ya kweli hutengenezwa kwa maziwa mabichi kabisa, na kwamba moto huua ladha. Huko Ulaya zipo jibini za maziwa mabichi, ni kweli. Lakini nyingi zake hukomazwa miezi, katika vyumba vya baridi, kutoka kwa ng'ombe wanaopimwa magonjwa kwa ratiba ya serikali. Sisi tunazungumzia jibini mbichi itakayoliwa kesho, kutoka kwa ng'ombe ambaye huenda hajapimwa hata mara moja.

Ugonjwa unaoitwa bruselosi hupita kwa maziwa mabichi, ya ng'ombe na hasa ya mbuzi. Huja na homa inayokwenda na kurudi, jasho la usiku, maumivu ya viungo na uchovu usiokwisha. Mara nyingi mtu hutibiwa malaria, kisha taifodi, kisha malaria tena, miezi ikipita. Mja mzito anaweza kuharibu mimba. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho hupita njia hiyo hiyo. Na vijidudu hivi haviogopi chumvi kidogo wala friji: bruselosi huweza kuishi ndani ya jibini mbichi kwa majuma mengi.

Dawa yake ni rahisi. Pasha maziwa mpaka nyuzi 63 na uyashikilie hapo dakika 30 kamili, huku ukikoroga. Au yafikishe nyuzi 72 kwa angalau sekunde 15. Kisha yapoze haraka kwa kuitia sufuria kwenye beseni la maji baridi. Moto huu hauvunji maziwa, bado yataganda. Ladha unayoambiwa utaipoteza ni ndogo. Mtoto wa watu hana badala.

Anza na jibini ya ndimu

Kwa anayeanza, jibini ya ndimu ndiyo mlango. Ndugu zetu Wahindi wa Pwani huiita paniri na wamekuwa wakiipika miaka na miaka. Haihitaji kigandishi, na moto wake mwenyewe unasafisha maziwa.

Chemsha lita 4 mpaka zianze kufura, ukikoroga chini zisiungue. Epua, ngoja dakika moja mbili. Mimina maji ya ndimu au siki nyeupe kidogo kidogo, kama vijiko vikubwa viwili hadi vitatu kwa kila lita, ukikoroga taratibu. Utaona maziwa yakijitenga: mabonge meupe huku, maji ya kijani-manjano kule. Maji yakiwa bado meupe, ongeza ndimu. Chuja kwa melimeli, suuza kwa maji safi yaliyochemshwa, tia chumvi, funga, kisha kandamiza kwa kitu kizito saa moja au mbili. Iweke kwenye friji na uile ndani ya siku chache.

Kilo moja ya jibini hii hutaka kati ya lita 5 na 7. Tuseme umenunua lita moja kwa shilingi 80: lita 6 ni shilingi 480, ongeza ndimu na gesi. Piga hesabu yako kwa bei ya mtaani kwako, kisha linganisha na ya dukani. Yale maji yaliyobaki usiyamwage, kandia unga wa chapati. Na jibini yenyewe jaribu kuitia kwenye sambusa za futari.

Kigandishi na suala la halali

Ukitaka jibini ya kukatika vipande, utahitaji reneti, yaani kigandishi. Reneti ya asili hutoka kwenye tumbo la ndama anayenyonya. Hapa Muislamu lazima aulize: ndama huyo alichinjwa vipi? Sisi wa mwambao wengi tunafuata madhehebu ya Shafi, na humo kigandishi cha mnyama asiyechinjwa kisheria hakikubaliki. Wanazuoni wa Hanafi wamekuwa na mtazamo mpana zaidi. Mwenye utata amuulize sheikh wake. Njia nyepesi ni kununua reneti inayotokana na kuvu, na huandikwa wazi kwenye kifungashio kwamba haina mnyama.

Maziwa yakishapashwa na kupozwa mpaka nyuzi 32 hadi 35, tia kijiko cha mtindi mpya, ngoja saa moja, kisha tia reneti kwa kipimo cha kwenye chupa. Ichanganye kwanza na maji yaliyochemshwa yakapoa, maana klorini ya maji ya bomba huidhoofisha. Acha sufuria itulie kama dakika 45 hadi saa nzima. Bonge likipasuka safi kwa kisu, likate, lichuje, litie chumvi. Hii hutaka kipimajoto, usikisie kwa kidole. Na kadiri jibini inavyokuwa ngumu ndivyo maziwa yanavyozidi: jibini ngumu hula kama lita 10 kwa kilo.

Neno kwa atakayeuza

Kupikia familia yako ni jambo moja, kuuzia watu ni jambo jingine. Biashara ya maziwa na mazao yake inahitaji leseni ya Bodi ya Maziwa ya Kenya, bodi iliyoanza 1958. Jibini ya pakiti inahitaji alama ya KEBS, na mpishi anatakiwa awe na cheti cha afya. Usiingie sokoni kwa mlango wa nyuma. Mteja mmoja akiugua, jina lako litatangulia mbele ya jibini yako.

Ukishampata mfugaji mwaminifu, mtunze. Mpe oda yako mapema, mlipe siku hiyo hiyo, usimkate shilingi kumi kwa maziwa aliyokataa kuyatia maji. Wafugaji wengi wa Kinango na Ganze hutupa maziwa masika kwa kukosa mnunuzi, huku sisi mjini tukinunua jibini iliyosafiri kwa meli. Lita kumi zako za kila juma ni karo ya mtoto wa mtu.