Vitu Vikuukuu vya Nyumbani Vyaweza Kuwa Zawadi

Wahenga walisema, usitupe mbachao kwa msala upitao. Hebu tuangalie chini ya vitanda vyetu: sweta iliyotoboka viwiko, kalenda ya mwaka jana, mikebe ya mafuta ya kupikia. Vyote tunavichoma au kuvitupa shimoni. Halafu harusi ikija, tunakimbia dukani kununua zawadi kwa pesa ambazo zingenunua unga.

Wengine wamekwisha kuonyesha njia. Kule Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia, watoto walikuwa wakijitengenezea vya kuchezea kwa malapa yaliyoletwa na mawimbi. Kuanzia 1997 akina mama wa huko walihimizwa kuyaokota, kuyaosha na kuyachonga, na kazi hiyo ikafika masoko ya ng'ambo. Sisi wa Kanja hatuna bahari, lakini kusuka kiondo tunajua.

KIONDO CHA SWETA

1. Chagua sweta vizuri. Igeuze ndani nje, uangalie mishono. Kama kingo zilikatwa kwa makasi na kushonwa kwa mashine, uzi utatoka vipande vipande. Iache. Tafuta ile ambayo kila upande ulifumwa peke yake.

2. Fumua mishono ya ubavuni na mabegani, kisha anza kuvuta uzi kutoka juu, shingoni. Uzungushie kwenye mgongo wa kiti.

3. Funga uzi huo mahali panne usijisokote. Uoshe kwa maji vuguvugu na sabuni, uutundike kivulini na kitu kizito kidogo chini yake. Ukikauka utakuwa umenyooka.

4. Nyuzi za kusimama ziwe za makonge, ambayo hupatikana kule chini Mbeere. Uzi wa sweta ndio wa kuzungusha. Panga rangi kabla ya kuanza, usije ukaishiwa katikati.

SHANGA ZA KALENDA

Kata karatasi ngumu ya rangi iwe pembe tatu ndefu, kama sentimita 2 upande mpana na 25 kwa urefu. Anza na upande mpana, uiviringishe juu ya sindano ya kufumia huku ukiibana. Ncha ibandike kwa gundi. Chomoa sindano, acha shanga ikauke, kisha paka vanishi mara mbili ili jasho lisiiharibu. Mabinti na vijana wakifundishwa asubuhi, jioni wanajua.

MIKEBE: TAHADHARI

Mkebe wa mafuta ukisuguliwa kingo kwa tupa na kuvikwa kitambaa cha leso kuukuu, ni chombo kizuri cha maua. Lakini jamani, mkebe au chupa ya dawa ya kunyunyizia kahawa haifai kamwe, hata ukiosha mara kumi. Sumu hubaki. Je, mtoto wa uliyempa zawadi akichotea maji?

TUPIGE HESABU

Hapa ndipo vikundi vingi huanguka. Tuchukue mfano. Sweta ya mtumba sh. 50, makonge sh. 150, mshipi wa ngozi sh. 100: jumla sh. 300. Kiondo kikiuzwa sh. 700, tunasema tumepata sh. 400. Lakini mama alikisuka siku tano! Hiyo ni sh. 80 kwa siku. Je, angekubali kibarua kwa sh. 80?

Kwa hiyo andikeni siku za kazi pamoja na gharama, kabla ya kutaja bei. Kila kitu kifungwe karatasi yenye namba ya aliyekitengeneza. Kikiuzwa, fungu lake apewe siku hiyo hiyo mbele ya wenzake, na fungu la kikundi liandikwe kitabuni. Tumeona vikundi vikivunjika si kwa kukosa wanunuzi, bali kwa sababu mmoja alisuka vitano, mwingine kimoja, na pesa zikagawanywa sawasawa.

MASWALI YA KUJADILIANA

- Ni vitu gani tunavitupa kila mwezi katika nyumba zetu?
- Nani kati yetu anajua kusuka, na atafundisha lini?
- Fungu la mtengenezaji liwe kiasi gani, na la kikundi kiasi gani?

Swali la tatu lijibiwe kabla ya kiondo cha kwanza kuuzwa. Pesa zikishaingia, ni vigumu kukubaliana.