Ngoma, Breki na Samaki Anayekimbia

Je, wajua kwamba rili za kwanza za kuvulia samaki wakubwa zilivunja vidole vya wenyewe? Mkono wa kuzungushia ulikuwa umefungwa moja kwa moja kwenye ngoma ya mshipi. Samaki akitimua mbio, ngoma inageuka kinyumenyume na mkono unageuka nayo. Aliyechelewa kutoa vidole alikiona cha moto. Breki pekee ilikuwa kipande cha ngozi, ambacho mvuvi alikikandamiza juu ya mshipi kwa kidole gumba.

Mwaka 1913, karibu na kisiwa cha Catalina huko California, William Boschen alimvua kwa fimbo na rili samaki wa mdomo-upanga mwenye kilo 161. Hakuna aliyewahi kumtoa samaki wa aina hiyo kwa njia ile. Siri ilikuwa ndani ya rili, iliyotengenezwa na fundi Julius vom Hofe: visahani vilivyobanwa pamoja kama klachi ya gari, na nje, karibu na mkono, nati yenye umbo la nyota ya kukazia au kulegezea. Samaki akivuta kupita kiasi, visahani vinateleza, ngoma inaachia mshipi, na mkono unabaki umetulia.

Klachi ya aina hiyo ndiyo moyo wa rili nyingi za kurambazia, yaani za kukokota chambo nyuma ya chombo kinachokwenda. Mvuvi wa ngalawa wa pwani yetu hurambaza pia, ila mshipi wake ameuzungushia kipande cha ubao na breki ni viganja vyake mwenyewe. Makovu ya mikononi yanaeleza mengine.

Rili yenye breki nzuri ilikuwa mali ya matajiri. Mhamiaji wa Kijerumani, Otto Henze, alianzisha kampuni ya Penn mjini Philadelphia mwaka 1932, uchumi ukiwa umeporomoka, na mwaka 1936 akatoa rili aliyoiita Senator. Haikuwa na urembo. Vibao vya pembeni vilikuwa vya bakelaiti, ile plastiki ngumu ya simu za zamani, vikishikwa na pete za chuma kilichong'arishwa kwa kromu. Lakini mtu wa kawaida aliweza kuinunua, na mwenye bisibisi aliweza kuifungua, kubadilisha washa iliyokwisha, yaani kisahani cha breki, na kurudi baharini. Nionavyo, hapo ndipo penye maana ya kudumu. Kila kitu kinachokaa kwenye maji ya chumvi kitaharibika siku moja. Kinachodumu ni kile ambacho vipuri vyake vinapatikana.

Sasa tuiangalie ngoma yenyewe, maana ina hila yake. Tuseme mshipi wako unakatika kwa kilo 24. Wavuvi wengi hukaza breki hadi kama theluthi moja, yaani kilo 8, wakipima kwa mizani ya kuning'iniza. Ngoma imejaa na kipenyo chake ni sentimita 10. Nduaro anakamata, anaondoka na mamia ya mita, na kipenyo kinashuka hadi sentimita 5. Hujagusa breki, lakini sasa samaki anahitaji kuvuta kilo 16 ili mshipi utoke, kwa sababu anaizungusha ngoma kwa wenzo uliopungua kwa nusu. Ongeza ukinzani wa maji kwenye mshipi mrefu uliopinda, na mshipi unakaribia kukatika. Mgeni huikaza breki anapoona mshipi unakwisha. Nahodha mzoefu humpigia kelele ailegeze.

Hila hiyohiyo huwasumbua wavuvi wa Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini. Mwaka 1966 jimbo la Michigan lilianza kupandikiza samoni wa Pasifiki ili wawale samaki vamizi waitwao alewife, waliokuwa wamejaa ziwani. Uvuvi wa kurambaza ukashika kasi, na leo wengi huko hutumia rili yenye kihesabu mshipi, ili chambo kilichompata samaki kirudishwe umbali uleule. Lakini kihesabu cha kawaida hakipimi urefu. Kinahesabu mizunguko tu. Ngoma isiyojaa hutoa mshipi mfupi kwa kila mzunguko, hivyo rili inasema mita 60 wakati chambo kiko mita 50. Ndiyo maana hununua rili mbili zinazofanana na kuzijaza sawasawa.

Rili ya ziwani isiletwe Malindi au Mkondo wa Pemba bila kufikiri. Ziwa Michigan halina chumvi. Baharini, shaba, chuma na alumini vikigusana vikiwa vimelowa chumvi, huanza kulana. Ngoma ya plastiki nayo ina adui mwingine: mshipi wa nailoni hunyooka ukivutwa, kisha hurudi na kuibana ngoma, na mamia ya mizunguko yakibana kwa pamoja, plastiki hupasuka. Kwa jodari na nduaro, ngoma iwe ya chuma.

Anayenunua rili ya mtumba asidanganywe na mng'ao. Avute mshipi polepole breki ikiwa imekazwa kidogo: ukitoka kwa kushtukashtuka, washa zimechoka, na bei ishuke. Atikise mkono wa kuzungushia asikie kama meno ya gia yamelegea. Afungue ubao wa pembeni mbele ya muuzaji. Kutu ya kijani ndani ni jibu tosha.

Baada ya kila safari, rili ioshwe kwa maji baridi yanayotiririka taratibu, kwani mpira wenye presha husukuma chumvi ndani. Kisha breki ilegezwe kabisa kabla ya kuihifadhi. Washa zinazolala zimebanwa miezi sita huamka zimeshikamana, na samaki wa kwanza wa msimu ndiye hukata mshipi.