Foleni ya Kompyuta za Pamoja: Kwa Nini Kazi Iliyochelewa Huweza Kutangulia

Mwaka 2016 Afrika Kusini ilizindua mjini Cape Town kompyuta kubwa ya utafiti iitwayo Lengau, jina ambalo kwa Kitswana lina maana ya duma. Kompyuta hiyo iliundwa kwa nodi 1,368, yaani kompyuta zilizounganishwa ili zifanye kazi kama moja, kila nodi ikiwa na viini 24 vya uchakataji. Hata mtambo wenye uwezo huo hauwezi kuwahudumia watafiti wote kwa wakati mmoja. Kila kazi huingia kwenye foleni, na programu maalumu ndiyo huamua ipi ianze.

Uamuzi huo mara nyingi huzua manung'uniko. Mtafiti aliyewasilisha kazi Jumatatu huona ya mwenzake wa Jumanne imeanza, naye akadhani amepitwa kwa upendeleo. Kwa kawaida sivyo.

Chukulia mtambo wenye nodi 100. Ni saa nne asubuhi, na kazi moja inatumia nodi 60 hadi saa nane mchana. Kazi iliyo mbele ya foleni inahitaji nodi 80, hivyo haiwezi kuanza kabla ya saa nane, na nodi 40 zimebaki bure. Iwapo nyuma yake ipo kazi ya nodi 30 itakayochukua saa mbili, programu huiruhusu ianze papo hapo, kwa kuwa itamalizika saa sita na haitamchelewesha yeyote. Lakini mwenye kazi hiyo akiandika kuwa anahitaji saa sita, kazi yake haitangulizwi bali huendelea kusubiri: ingefika saa nane ikiwa bado inashikilia nodi 30, na nodi 70 zilizobaki zisingeitosha kazi iliyotangulia.

Utaratibu huu wa kujaza mapengo ulianza kutumika katika Maabara ya Taifa ya Argonne nchini Marekani katikati ya miaka ya 1990, na leo umeenea duniani kote. Udhaifu wake mkubwa hauko kwenye mtambo, bali kwenye fomu ya maombi. Kazi ikipita muda ulioombwa hukatishwa, na matokeo ambayo hayajahifadhiwa hupotea. Kwa hofu hiyo watumiaji huandika muda mrefu kuliko wanaouhitaji. Hofu hiyo inaeleweka, ila gharama yake humrudia mwenyewe, kwani kazi ya saa mbili iliyoandikwa saa 24 hukosa karibu kila pengo.

Hasara nyingine haionekani kwa urahisi. Mtumiaji huomba nodi nzima ya viini 24 ilhali programu yake imeandikwa kutumia kimoja. Kwenye taarifa za kituo nodi hiyo husomeka kuwa ina kazi, kumbe viini 23 vimelala huku umeme ukiendelea kulipiwa.

Aidha, vituo vingi huzingatia matumizi ya siku za nyuma. Kundi lililotumia zaidi ya mgawo wake hushushwa kipaumbele kwa muda, na lile ambalo halijatumia hupandishwa. Bila kanuni hiyo, taasisi yenye wataalamu wengi ingeweza kuijaza foleni kila asubuhi na kuwaacha wadogo wakisubiri.

Mambo huwa magumu zaidi pale vituo vya nchi mbalimbali vinapounganishwa kuwa gridi moja. Gridi inayochakata takwimu za mtambo wa chembe wa CERN, ulio mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ina vituo takribani 170 katika nchi zaidi ya 40, Afrika Kusini ikiwemo. Humo kila kituo kina foleni na kanuni zake, na nodi mbovu ingeweza kuharibu kazi moja baada ya nyingine. Kwa sababu hiyo hutumwa kwanza programu ndogo ya utangulizi. Hiyo ndiyo husubiri foleni, hukagua nodi ikishapewa nafasi, kisha huchukua kazi halisi kutoka orodha kuu.

Kwa mtumiaji, hatua ya kwanza ni kufanya jaribio kwa sehemu ndogo ya takwimu, kusoma taarifa ya muda na kumbukumbu iliyotumika, kukadiria kutokana nayo mahitaji ya kazi nzima, kisha kuomba kiasi hicho pamoja na nyongeza ya wastani. Kazi ndefu hugawanywa katika vipande vinavyohifadhi matokeo kila vinapomalizika, na vipande vya namna hiyo ndivyo huenea kwenye mapengo ya foleni.