Jembe la Mgeni na Chungu cha Mwenyeji

Mvua za Dodoma huja mara moja tu kwa mwaka. Huanza Desemba na kukoma Aprili, na kwa wastani hufikia kama milimita 570. Kwa hiyo kazi yote ya shamba husongamana katika majuma machache. Ifikapo Januari na Februari, wakazi wengi wa Makole wenye jamaa vijijini huondoka Jumamosi alfajiri kwenda Mvumi, Hombolo au Mpunguzi kusaidia palizi. Hawalipwi. Hulala huko usiku mmoja, wakarudi Jumapili jioni viganja vimejaa malengelenge, na Jumatatu wapo kazini. Desturi hii ni njema. Lakini liko jambo ambalo wasaidizi hao hulisahau mara kwa mara, nalo ni chungu cha mwenyeji wao.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na Mwalimu Nyerere aliitumia methali hiyo mwaka 1962 alipokuwa akieleza msingi wa ujamaa. Methali inataja jembe. Haitaji atakachokula huyo aliyelishika, wala nani atakayempikia.

Zamani katika Ugogo, aliyetaka kusaidiwa kulima alipika pombe ya nafaka, akawaita majirani. Walikuja asubuhi na majembe yao, wakalima kwa nyimbo, kisha wakakaa kivulini wakanywa na kula. Huo ndio ujima ambao watu wa mjini hupenda kuusifu. Tunasahau kwamba pombe hutaka nafaka, na miezi ya palizi ndiyo miezi ambayo ghala huwa limekaribia kwisha. Mwenye akiba aliweza kualika watu ishirini na shamba lake likawa safi kwa siku moja. Asiyekuwa na kitu hakuweza kumwalika mtu. Tena ilimbidi aache uwele wake ukisongwa na magugu, aende kulima kwa mwenzake apate kibaba cha mtama cha kuwalisha watoto jioni ile. Akivuna, huvuna kidogo. Na mwaka unaofuata ghala lake huwahi kwisha tena. Hali hii haijatoweka hata leo. Ugogo ni nchi inayoijua njaa kwa jina: ile ya mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia na baada yake, iitwayo Mtunya, inakadiriwa iliua watu 30,000.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukifika kwa shangazi yako mwezi Januari ukiwa na watoto wanne wenye nguvu na njaa, umemletea mikono kumi ya kupalilia, na pia vinywa vitano. Shangazi hatasema neno. Atakwenda kwa jirani na ungo wake kuazima unga, nawe hutajua.

Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, lililielewa jambo hili tangu mwanzo. Vijana wa kambi ya Makutupora walikwenda shambani wakiwa na jiko lao na zamu za kupika, wavulana kwa wasichana. Huko Ufaransa nako wapo watu wanaokwenda mashambani kujitolea, kwa utaratibu uliobuniwa Uingereza mwaka 1971, mwaka ule ule wa Operesheni Dodoma. Mgeni hufanya kazi sehemu ya siku, naye hupewa kitanda na chakula mezani pa mkulima. Utaratibu huo unafaa kwa mkulima mwenye ghala lililojaa. Kwetu mgeni hana budi kuongeza kitu chunguni.

Basi achukue nini? Unga kwanza, wa kuwatosha aliokuja nao na kubakiza. Chumvi, sukari na majani ya chai, kwani hivi ndivyo hununuliwa kwa fedha taslimu. Dagaa wakavu ni wema sana. Mboga za majani kutoka soko la mjini ziachwe, maana zitanyauka njiani, na huko mlenda upo.

Na mlenda usiudharau! Nimewaona vijana wa mjini wakiutazama kama adhabu. Huchumwa wakati wa mvua, hukaushwa juani, hutwangwa na kuwekwa akiba ya mwaka mzima; ni busara ya nchi kavu hiyo. Maji yakichemka hutiwa magadi kidogo, kisha unga wa mlenda hunyunyizwa polepole huku mwiko ukizungushwa usifanye mabonge. Chungu kisifunikwe, utafurika na kuzima moto. Karanga zilizopondwa hutiwa mwishoni, na hapo ndipo harufu hubadilika. Ugali wake uwe wa uwele au mtama, mgumu. Tonge hulibonyeza kwa kidole gumba, ukachota, ukazungusha mkono mara moja kukata utelezi, ukala. Ukisita, utajichafua kifua, na watoto wa kijiji watakucheka hadi utakapoondoka.

Limebaki suala la nani apike. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikiri kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi hata saa 12 au 14 kwa siku. Mama huyo hupalilia mstari sawa na wageni wake, kisha wao wanapojinyoosha chini ya mbuyu yeye hufuata maji, huchanja kuni na kuwasha mafiga. Wanaume wa Makole waliokuja kusaidia wangeweza kumaliza kupalilia saa nne badala ya saa sita, wakachukua madumu kwenda kisimani. Kusonga ugali wa watu kumi na watano kunahitaji misuli, na misuli ndiyo waliyosema wameileta.

Atakayeondoka Jumapili aulize kabla ya kupanda gari kama unga uliobaki unatosha hadi Jumatano.