Rosa Mistika alinionyesha ninachoficha

Mchumba wangu aliniuliza swali moja tu: "Kwa nini unafuta meseji hata za dada yako?" Nikanuna. Siku tatu hatukuongea. Ukweli ni kwamba hata mimi sikuwa na jibu.

Wiki ile nikakuta kabatini *Rosa Mistika*, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971. Sekondari niliisoma kwa ajili ya mtihani tu. Safari hii niliisoma kwa ajili yangu.

Kuna Zakaria, baba wa Ukerewe anayempiga bintiye Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa anakua akiwaogopa wanaume bila kuwajua. Akifika mbali na macho ya baba, uhuru unamshinda, na mwisho anajitoa uhai.

Nilifunga kitabu nikalia. Nilikuwa darasa la sita baba alipokuta kikaratasi cha mvulana kwenye daftari langu. Fimbo zile zilinifundisha kitu kimoja: chochote kinachokuhusu, kifiche. Kumbe ndiyo maana nafuta hata "umekula?" ya dada!

Mimi si Rosa, na mchumba wangu si baba. Lakini nilikuwa naishi naye kama binti wa Zakaria.

Jumapili nikamsimulia yote. Hakusema mengi, aliomba kitabu tu. Sasa amefika nusu, na simu yangu iko mezani. Bado mkono unawasha kufuta, ila najua unatoka wapi.

Je, wewe na mwenzako mmewahi kusoma kitabu kimoja?